Nimekimbia mti mbele ya baba

Leo nimekimbia mbele ya baba yangu hadi kiatu kikanivuka.

Nikimaliza kidato cha sita nataka kuomba chuo cha misitu. Baba ni mkata miti, na kila nilipomwomba ruhusa alisema, "Kwanza nikuone porini."

Basi leo amenipeleka kwenye shamba la mikaratusi kule Kasense.

Baba mdogo naye alikuwepo, na mdomo wake.
"Mti ukilia tu, huyu tutamwokota Kirando, kule ziwani!"

Nikajiapiza kwamba sikimbii, liwalo na liwe.

Baba akakata. Mti ukalia kwa ndani, ncha ikayumba.

Miguu haikuniuliza. Nilichomoka kwa pembeni, kama ninavyomwona baba akifanya akikata miti ya mtaani, nikaishia vichakani.

Mti ukaanguka, ardhi ikatetemeka.

Baba mdogo akaja kutoka upande wa barabarani, akicheka hadi akakaa chini. Mimi machozi yakanitoka. Nilijua chuo ndiyo basi.

Baba akanifuata, kiatu changu mkononi.

"Unalia nini, mama?"
"Nimekimbia, baba."
"Mti ukianguka kila mtu anakimbia. Hata mimi nimekimbia, ni vile hukuniona. Ungebaki umesimama, ruhusa ningekunyima. Omba hicho chuo."

Halafu akamgeukia mdogo wake:
"Na wewe uliyefika barabarani kabla ya wote, unamcheka nani?"

Jamani, hadi sasa napumua tu.

Nani mwingine anaomba misitu? Tujuane hapa chini.