Maji Yalipokataa Kushuka

Siku ya kwanza kazini nilipewa brashi. Nilikuwa nimefika karakanani Spånga, pembeni mwa Stockholm, asubuhi na mapema, nimevaa koti la suti, kwa sababu mke wangu, Mama Neema, alisema mtu haendi kwenye kazi ya roketi amevaa kama anakwenda kulima. Fundi Mkuu, mama wa Kiswidi aliyeitwa Birgitta, akalitazama koti langu, akatabasamu kidogo, akanionyesha bomba refu la chuma lililojaa masizi na matope. "Hili limerudi kutoka juu," akasema. "Lioshe." Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule mama hakuingojea hiyo ya tatu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoniuliza kila tukikutana kanisani Norsborg kama ni kweli mzee kutoka Uvira, kule Kongo, alitengeneza roketi. Sikutengeneza. Kazi yetu ilikuwa kuzipima zikisharudi. Zilikuwa roketi ndogo za utafiti, zikirushwa kaskazini kabisa mwa Sweden, ambako ni misitu, vinamasi na theluji tu. Roketi ya aina hiyo ni ganda, yaani bomba nene la chuma refu kuliko mtu, lililojazwa fueli ngumu kama sabuni ya mche. Fueli ikishaungua, ganda huachana na mzigo wake, parachuti hufunguka, nalo hushuka likiwa tupu. Helikopta inalitafuta, lori linalileta Stockholm. Hapo linabaki swali moja: je, linaweza kuruka tena? Swali hilo ndilo lililonilisha mimi na watoto wangu.

Kutoka kwenye brashi nilihamishiwa chumba cha rangi. Kule tulipaka rangi nyekundu nyepesi juu ya mishono ya kulehemu, tukaifuta, kisha tukanyunyiza unga mweupe. Pakiwa na ufa, hata ule usioonekana kwa jicho, rangi iliyojificha ndani yake inachungulia kwenye unga. Nyumbani nilikuwa nimefanya kazi kwenye maboila ya kiwanda cha sukari, kwa hiyo nyufa nilizijua, ila kule tulizijua zikishatupulizia mvuke usoni. Birgitta alicheka sana nilipomweleza hivyo. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kabla ya kifaa chochote, mkono kwanza: unavua glavu, unapitisha kiganja juu ya ganda zima, polepole, kuanzia shingoni mpaka mkiani. Alisema chuma kilichotoka safari kinastahili kusalimiwa. Mwanzoni niliona ni mambo ya kizungu tu, baadaye nikawa siwezi kuanza kazi bila salamu hiyo.

Cheo cha juu kwa mafundi kilikuwa chumba cha maji. Ganda linazamishwa ndani ya tangi lililojaa maji na kufungwa kabisa. Kisha unasukuma maji mengine kwa pampu ndani ya ganda lenyewe, kwa nguvu kubwa kuliko ya moto litakaoubeba likiruka. Chuma kinavimba kidogo, kama tumbo la mtu aliyeshiba, na kuvimba kule kunasukuma maji ya tangi yapande kwenye bomba la kioo ukutani. Unangoja. Halafu unafungua vali, shinikizo linatoka, chuma kinarudi umbo lake, na maji ya kwenye kioo yanashuka. Yakishuka hadi chini ya mstari mwekundu, ganda ni zima. Yakikwama juu yake, chuma kimetanuka na hakitarudi tena. Wakati wa kungoja hakuna aliyesema neno, hata Nestor, fundi mwenzangu Mrundi aliyeishi Hagsätra, ambaye kwa kawaida aliongea hata na mashine ya kahawa.

Sasa sikilizeni desturi yetu, maana ndiyo iliyonitesa. Birgitta aliiweka kabla sijafika: fundi anayelipitisha ganda kwenye maji husafiri nalo kwenda kaskazini. "Anayesema ni zima," alikuwa akituambia, "asimame pale linapowashwa." Nestor alikwenda. Alipokuwa kule alinipigia simu, akainyanyua hewani ili nisikie. Nilisikia upepo, watu wakihesabu, kisha mlio kama mtu anachana turubai kubwa, kisha Nestor akilia na kucheka kwa pamoja. Nilikuwa nimesimama karakanani, simu sikioni, brashi mkononi. Nilimfurahia, na wivu pia nilikuwa nao, siwafichi.

Nilitaka kuiona roketi ikipanda. Sijui niliseme vipi ili mlielewe. Miaka yote ile nilikuwa kama mtu anayefua na kupiga pasi nguo za bwana harusi, na harusini haalikwi. Binti yangu Neema alinionyesha picha za video kwenye kompyuta. "Men pappa, den är ju här!" akaniambia kwa Kiswidi, kwamba si hii hapa, unataka nini tena? Kwenye kompyuta roketi ilikuwa ndogo kuliko kidole changu. Nilitaka chuma nilichokigusa kwa mkono huu nikione kikiondoka.

Birgitta alistaafu, na miaka ya elfu mbili na kumi ilipoanza nikapata cheti cha chumba cha maji. Msimamizi wa Maabara, Bwana Lennart, aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akisema "nja" ujue hapana imekaribia. Siku ile hakusema nja. Alisema, "Bibi amerudi. Safari hii ni wewe."

Bibi lilikuwa ganda lililokwenda na kurudi mara nyingi kuliko mengine yote. Nililiosha mimi siku ile ya koti la suti, nikalipaka rangi mimi, nikalijua kila kovu lake. Nyumbani Mama Neema akaanza kunifumia kofia ya sufu. Nikaazima koti la baridi kwa jirani. Mpaka mchungaji alijua kwamba nakwenda kaskazini.

Siku ya kipimo nikavua glavu, nikalisalimia. Tukalizamisha. Nikapiga pampu mpaka shinikizo lilipofika panapotakiwa, maji yakapanda kwenye kioo, tukangoja kimya. Nikafungua vali. Maji yakaanza kushuka vizuri, taratibu, nami moyoni nikawa nimeshapanda treni. Kisha yakasimama. Yalisimama juu ya mstari mwekundu, kwa unene wa ukucha.

Nestor akanisogelea. "Muzee," akaninong'oneza, "turudie tu. Mara ya pili itashuka vizuri."

Alisema kweli, na hapo ndipo penye hatari ambayo kila fundi wa maji anafundishwa mapema. Chuma kilichotanuka mara moja hakitanuki tena kwa shinikizo lile lile. Ukirudia kipimo, maji yatashuka mpaka chini kabisa, na karatasi itasema ganda ni zima. Ganda lenyewe litakuwa limechoka vile vile. Ndiyo maana kipimo hakirudiwi, isipokuwa kama kifaa chenyewe kilikuwa na kasoro, kwa mfano vali ikivuja.

Bwana Lennart alijua yote hayo kuliko mimi. Alijua pia habari za kofia na koti. Alikitazama kioo muda mrefu, kisha akanitazama mimi. "Vali uliishika wewe," akasema. "Ukiniambia ilivuja, nitakuamini, na tutarudia. Sitauliza zaidi."

Mpaka leo naamini aliyasema kwa wema. Mtu mbaya angenishurutisha, nami ningemkatalia kirahisi. Wema ni mgumu kuukataa. Niliitazama vali, nikatamani ivuje. Nilitamani nione hata tone moja. Ilikuwa kavu.

"Haikuvuja," nikasema.

"Jaha," akasema Lennart, yaani haya basi. Halafu akasema asante, akaenda kupika kahawa, na zamu ya kahawa haikuwa yake.

Ganda lililokataliwa hukatwa, ili asije mtu mwingine akalitumia. Niliomba nilikate mwenyewe. Niliwasha msumeno na machozi yananitoka chini ya miwani, nikamshukuru Mungu kwamba kila fundi wa msumeno huonekana vile kwa moshi na cheche. Nestor akanishika bega. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Muzee. Kuna maganda mengine."

Msemo ni mzuri, lakini kwetu uhunzi wenyewe ndio uliokwisha. Bibi lilipokataliwa, wakubwa wa kampuni walikaa vikao vyao, wakaona ni rahisi kununua maganda mapya kuliko kuyatafuta ya zamani kwenye vinamasi na kuyaosha. Chumba cha maji kikafungwa kabla ganda lingine halijafika kwenye zamu yangu. Tangi likauzwa. Mimi nikahamishiwa stoo, nikahesabu boliti mpaka siku ya kustaafu, nikakatiwa keki, nikapewa maua, nikarudi Norsborg kwa treni nimeyapakata.

Vijana, kazi yetu ile ilikuwa nzuri. Mnaopata kazi ya kupima kitu, chochote kile, jueni kwamba siku moja kipimo kitasimama mahali ambapo hamtaki kisimame, na hakuna atakayewalazimisha. Naikumbuka harufu ya chumba kile, chuma na maji baridi. Namkumbuka Birgitta na mkono wake wazi juu ya masizi. Nina hamu hata na zile dakika za kimya.

Majuzi Mama Neema alichoka nami. "Baba Neema, depuis tangu ulitoka kazi unasemaka tu roketi, roketi. Bon, treni iko, pensheni iko. Si bado wanazirusha kule? Tuende basi uzione!"

"Nikamwone nani?" nikamjibu. "Siku hizi ni maganda mapya matupu. Yanawaka mara moja, yanaachwa huko huko. Hakuna hata moja nililoligusa. Nilitaka kumwona Bibi."

Akaweka kikombe chake mezani. "Bibi ungelimupitisha, angepasuka kule. Nawe ungekuwa umesimama pale, kofia yangu kichwani, unatazama kazi ya mikono yako. Kunywa chai."

Nikanywa. Alisema kweli tupu. Lakini bado natamani, jamani. Bado natamani.