Kuku wa Veronika

Mwezi wa tatu, mwaka wa sabini na saba, nilimpoteza mtoto wangu wa kwanza. Jina lake Limi. Alikuwa ameanza kukaa mwenyewe bila kushikwa. Homa ilimchukua mvua zikiwa bado zinanyesha.

Mwanangu, sikuanza hapa ili nikuhuzunishe. Habari yenyewe ina kuku ndani yake, na ina kicheko, nawe utacheka. Ila nikikupa kicheko bila kukuambia kilitokea wapi, nitakuwa nimekupa ugali bila mboga.

Kwetu, upande wa Ushirombo, siku zile mtoto mchanga hakuwekewa matanga marefu. Watu walikuja, wakazika, wakaniambia nisilie sana, Mungu atanipa mwingine, kisha wakarudi mashambani, maana palizi haingoji. Masanja, mume wangu, alikuwa Maganzo akibahatisha almasi, na habari zilimfikia tumekwisha kuzika. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni kwamba tangu siku ile hakuna aliyeniita tena Mama Limi. Nikawa mke wa Masanja, au binti. Walifanya kwa wema, wakiogopa kunitonesha. Nami nikanyamaza. Nilichota maji, nilipika, nililima, sikulia wala sikuzungumza zaidi ya salamu.

Ikafika miezi ya pamba. Wewe hukuikuta kazi ile. Pamba ikishavunwa humwagwa kwenye mikeka, mkae mchambue kwa mkono, nyeupe nzuri huku, hiyo inaitwa safi, na ile yenye madoa na takataka kule, hiyo ni fifi. Ukichanganya, mpimaji anakurudishia mzigo mbele za watu. Tulichambua kwa zamu, leo uani kwa huyu, kesho kwa yule, na mikono ikiwa kazini midomo haina la kufanya ila umbea.

Mama mkwe wangu, niliyemwita Mayu kama tunavyowaita mama zetu kwa Kisukuma, alichoka na umbea. Yeye hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alipokwenda misheni sista mmoja alimwazima kitabu chenye picha ya mwanamke amejitwisha kapu. Akanikabidhi mbele ya wachambuaji, akasema mikono yangu ipumzike, mdomo ufanye kazi. Nilikuwa nimefika darasa la sita, na pale uani huo ulikuwa usomi.

Kitabu kilikuwa habari za Veronika, mjane wa ng'ambo ya ziwa. Mumewe alikufa, shemeji yake akachukua ng'ombe wote, naye akabaki na mtoto mmoja na rozari. Nilisoma kwa sauti ya shule, nikijikwaa kwenye maneno marefu, na watu wakaanza kuwahi kuja ili wasipitwe. Yule shemeji walimpa jina la Fifi. Kila nikimtaja, wanawake walisonya kwa pamoja.

Sasa, mwanangu, usitucheke haraka. Hakuna aliyejua kwamba Veronika ni mtu wa kutungwa. Hadithi tulizozijua ni za sungura na fisi, na sungura akianza kusema unajua mara moja kwamba huu ni uongo mtamu. Lakini huyu alisali rozari, alifunga Kwaresima, alikwenda kuungama. Kitabu kimetoka misheni. Tungedhanije kwamba hayupo? Hata mimi niliyekishika sikujua.

Siku niliyosoma jinsi mtoto wa Veronika alivyofariki, uchambuaji ulisimama. Wanawake walilia mpaka safi ikachanganyika na fifi. Mimi nilisoma macho makavu mpaka mwisho wa sura, nikafunga kitabu. Mayu akakichukua, akakifunga kwenye kanga na kukitia sandukuni mwake kama kawaida, maana hakutaka mtu asome mbele peke yake.

Jumapili ile kwenye sala za jumuiya, Mzee Shija, kiongozi wetu, mdogo wake marehemu baba mkwe wangu, alifumba macho akaomba kwa sauti nzito kwamba Bwana amfariji dada yetu Veronika wa ng'ambo ya ziwa, aliyefiwa. Tukaitikia. Kisha akasema sala bila mkono ni ngoma bila ngozi. Huyu akaleta mtama, yule udaga wa muhogo, mwingine karanga, na Mzee Shija mwenyewe akatoa kuku tetea, mweusi, mnene. Akavifunga vyote kwenye baiskeli, akavipeleka misheni ili sista amfikishie mhusika.

Alirudi kesho yake, tukiwa tunachambua, nami nimekishika kitabu, sijakifungua. Tulimwona tangu mbali, na tukamwona kuku naye, ananing'inia kwenye usukani vilevile alivyoondoka.

Akaegemeza baiskeli ukutani, akatueleza. Sista alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akamwambia taratibu kwamba Veronika hayupo, hajawahi kuwapo, ni mtu aliyebuniwa na mwandishi. Vijana wawili wakaangua kicheko. Mmoja akamuuliza, "Babu, basi huyo kuku naye yupo, au amebuniwa?"

Mzee Shija hakucheka. Alikuwa ameaibika, na aibu ya mkubwa hugeuka hasira. Akasema tumesimama mbele ya Mungu kumwombea mtu asiyekuwepo, tumekuwa mashahidi wa uongo, na kuanzia siku hiyo pale hapatasomwa kitu isipokuwa Biblia. Akanyoosha mkono kwangu. "Lete hicho kitabu, binti. Kinarudi."

Mwanangu, neno lake lilikuwa neno. Na mimi nilikuwa nimemwacha Veronika jioni ya mazishi, amekaa mlangoni, hajasema kitu. Tangu siku ile nililala nikiwaza jambo moja. Mwanamke aliyemzika mtoto wake anaamkaje siku ya pili? Anafanya nini? Kijijini hakuna aliyekuwa ameniambia. Kitabu kilijua, nacho kilikuwa kinaondoka.

"Baba," nikasema, "naomba nimalize."

Kilio kilinijia chote kwa mara moja, cha tangu mwezi wa tatu. Nilikikumbatia kitabu, nikalia kama mtoto.

Mayu hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua, akasema, "Shemeji Shija, Yesu aliposema mtu mmoja alikuwa na wana wawili, ulimuuliza wanakaa kijiji gani?"

Mzee Shija akaurudisha mkono wake.

"Na yule Msamaria na punda wake, ulidai uonyeshwe punda?" Akatupa pamba upande wa fifi. "Wewe umempakia kuku umpelekee mfiwa ng'ambo ya ziwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mfiwa tunaye hapa mkekani. Tangu mwezi wa tatu nani amemletea Mama Limi hata konzi ya karanga? Na mimi najitaja wa kwanza, maana ni mimi niliyemwambia anyamaze."

Alikuwa amelitaja. Mama Limi. Nilililia jina lile, mwanangu, lakini kilio hicho cha pili kilikuwa kitamu, sijui nikueleze vipi.

Mzee Shija akamwendea kuku wake pale kwenye usukani. Kisha akamfungua miguu taratibu, akaja akapiga goti mbele yangu, mzee mzima, akamweka kwenye mapaja yangu. Akasema, "Pokea, Mama Limi. Tulipotea njia." Kuku akaninyea kanga, na watu wote wakacheka, nikacheka na mimi, machozi na kamasi pamoja. Ule mtama na udaga, vilivyorudi kwenye baiskeli, vikafuata.

Tangu hapo tulisoma mpaka pamba ikaisha, na baada ya hapo tukawa tunakutana kusoma bila pamba. Mzee Shija hakukosa tena. Fifi akitajwa alitangaza kwamba mashemeji wote si namna ile. Na Jumapili aliendelea kumwombea Veronika, akisema, "Kama hayupo, Bwana, wewe unamjua wa kumpa."

Nimekuandikia haya kwa sababu nimesikia kwamba, tangu uongeze bidii katika imani, umeweka pembeni vitabu vya hadithi, ukisema ni mambo ya kubuni. Elimu yangu ni ndogo, sikushindi kwa hoja. Nakuambia tu nililoliona. Visome. Viko vilivyo fifi, utavijua, viache. Lakini kilicho safi usikiogope kwa kuwa mwandishi alikitunga. Bwana wetu naye alifundisha kwa hadithi. Na kikikutoa machozi usiyafute upesi. Tazama kwanza jirani yako ni nani, umwite kwa jina la mtoto wake, hata kama mtoto huyo yuko kaburini. Mayu amelala sasa, na Mzee Shija amelala, na Masanja wangu tangu masika yaliyopita. Ninawataja kila siku, na si kwa huzuni tu.

Mungu akupe macho ya kusoma mpaka uzee, na mlango usiopita siku bila mtu kubisha hodi. Ninakubariki kwa mikono yote miwili.

Veronika aliamkaje siku ya pili, sikuambii, katafute kitabu. Ila siku tuliyofika ukurasa wa mwisho, nilikifunga na hakuna aliyeinuka. Mzee Shija akakohoa. Akasema siku ile ya kwanza kabisa yeye hakuwepo, alikwenda kupima pamba, kwa hiyo kwa haki tuanze upya. Wanawake wakamzomea, wakamwita mwongo. Kisha wakasogea, wakakaa vizuri, nami nikafungua pale mwanzo.