Mama Gundi na Swali la Tawi

Shangazi yangu, ambaye chuo kizima kinamwita Mama Gundi, alibandika majani makavu kwenye karatasi ngumu kwa miaka kumi na minane, yote akiwa kibarua tu! Nafasi ya kudumu ya mtunza mimea iliyokaushwa ilipotangazwa, akaomba.

"Utashindana na wenye digrii?" wenzake walimcheka.

"Kwani digrii inashika brashi?"

Usaili ulifanyika mlemle kazini, katikati ya makabati ya chuma. Mimi nilichungulia mlangoni, roho juu. Mkuu wa idara aliweka tawi bichi mezani. "Lina majani mangapi, na yamepangwaje?"

Kijana mwenye suti, mwombaji mwenzake mwenye digrii, alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Ishirini na saba, mheshimiwa. Yanatazamana mawili mawili, isipokuwa ya nchani."

Shangazi hakuhesabu. Alilipindua tawi, akapitisha ukucha kwenye vikonyo. "Matatu. Na yanapishana: moja huku, jingine kule."

Kijana akaangua kicheko. "Mama, vaa miwani!"

"Ninayo, mwanangu. Wewe nionyeshe kwapa." Akaweka kidole pale kikonyo kinaposhikana na tawi. "Jani zima lina tumba hapa, kichipukizi kilichofumba, kwapani. Hivi vidogo tisa havina. Ni vijani vya jani moja. Mwaka wangu wa kwanza nilivichambua, nikabandika kila kimoja kama jani zima. Karatasi arobaini zikatupwa! Nililia kama mtoto. Tangu siku hiyo naanza na kwapa."

Mkuu alichukua kioo cha kukuzia, akainama.

"Tumba tatu," akasema. "Kwa hiyo majani matatu."

"Lakini hana cheti," akadakia karani wa utumishi aliyekuwa akiandika pembeni.

Nusura nipasuke! Cheti gani tena, wakati jibu liko mezani?

"Jani la namna hii linaitwaje vitabuni?" mkuu akamuuliza shangazi.

"Jani ambatani. Nimelisoma kwenye lebo, nikisubiri gundi ikauke."

Mkuu akamgeukia karani. "Andika kwamba nimemchagua huyu. Mambo ya cheti nitajibu mimi."

Nikaruka juu kama mpira! Shangazi wala hakuniona. Kijana wa suti alikuwa ameshavuta kiti karibu naye, kalamu kaiweka kando.

"Mama, samahani. Hebu nionyeshe tena hilo kwapa."

"Lete kidole chako," akasema. "Usilitazame, lipapase."