Fundi Anayeng'oa Bolti Zake Mwenyewe

Saa mbili asubuhi, siku ya Ijumaa, Ogoti Machogu ananing'inia kwa kamba mita kumi na nane juu ya ardhi kwenye jabali la Nyamatare, nyuma ya mashamba ya chai ya Ikonge. Mguu mmoja umekanyaga mwamba, wa pili unatafuta pa kukanyaga na haupati. Mkononi ana drili ya betri. Kiunoni amefunga brashi tatu, nyundo na pampu ya baiskeli. Kila baada ya dakika chache anageuza shingo kutazama upande wa Kisii, mawingu yanakotokea.

"Ikinyesha kabla sijamaliza, nimekwisha!" anapaza sauti kwa mwandishi aliye chini.

Tundu analotoboa ni la bolti ya kumi na nne, ambayo ndiyo ya mwisho. Keshokutwa, Jumapili, vijana wa klabu ya wakweaji ya Nyamira wanatarajiwa kurudi kwenye jabali hili lililofungwa kwa miezi miwili. Gundi inayoshika bolti huhitaji saa ishirini na nne kukauka. Ogoti ni Msabato, kwa hiyo kesho hagusi nyundo. Ni leo kabla ya mvua, au si wiki hii.

"Gundi haina dini," anasema baada ya kuteremka kubadilisha betri. "Hiyo inaweza kukauka siku ya Sabato bila dhambi. Mimi ndiye siwezi kuipaka."

Anasema hivyo akicheka, lakini mikono haitulii. Anafungua mfuko na kuufunga. Anahesabu brashi zilezile tatu. Chai aliyomiminiwa na mkewe kwenye chupa imepoa bila kuguswa.

Ogoti ana miaka arobaini na sita, na kazi yake ni ya watu wachache mno katika kaunti hizi mbili, Nyamira na Kisii. Anayekwea mwamba kwa kamba hutegemea bolti zilizopigwa ndani ya jiwe. Akiteleza, kamba hukamatwa na bolti. Lakini chuma huzeeka, na mvua za Nyamira, zinazonyesha karibu kila alasiri, hazina huruma na chuma. Wageni waliopita hapa miaka ya nyuma walipiga bolti zao wakaenda. Nyingi zilikuwa zimeliwa na kutu kiasi cha kung'olewa kwa spana na pumzi mbili.

Hizo Ogoti alizimaliza mwaka jana. Anazobadilisha mwaka huu si za wageni. Ni zake mwenyewe.

Ili kuelewa alivyofika hapo, ni lazima kurudi Tabaka, Kisii, alikozaliwa katika nyumba ya wachonga mawe. Akiwa na miaka minane alikuwa tayari analainisha vinyago vya viboko na bakuli za jiwe laini. Baba yake alimfundisha kugonga jiwe kwa kidole na kusikiliza: likilia vizuri, chonga, likijibu kwa sauti ya mtungi uliopasuka, liache. Alimfundisha jambo la pili pia, kwamba jiwe halijaisha mpaka lioshwe. Vumbi la Tabaka huingia vifuani, na baba yake alilikohoa mpaka akaenda nalo kaburini.

"Kwetu maji ndiyo usafi," anasema Ogoti. "Ukimaliza bila kuosha, wazee wanauliza umelelewa na nani."

Wanunuzi wa vinyago walipopungua, alihamia Ikonge na mkewe, Tryphosa, wakakodi shamba dogo la chai. Ndipo miaka minne iliyopita alipotafutwa na Lavender Achola, mwalimu wa fizikia katika shule moja mjini Nyamira, aliyetoka kaunti za ziwani na kujifunza kukwea alipokuwa chuoni. Mwalimu alitaka mtu anayejua mawe.

"Nilimpeleka hapo chini ya jabali nikamwuliza anaonaje," anakumbuka Lavender. "Akaanza kugonga. Akaniambia hapa ni pazuri, hapa pana uwazi ndani, hapa usiweke hata kikombe. Tukapima baadaye. Hakukosea hata mahali pamoja."

Akamfundisha kamba. Klabu ikachanga na kununua drili. Kwa kila bolti Ogoti hulipwa shilingi mia nane, na siku ikiwa njema hupiga tatu. Kwa mara ya kwanza tangu atoke Tabaka, anasema, alijiona fundi tena.

Na kama fundi wa Tabaka, aliosha.

Alipotoboa matundu yake kumi na manne ya kwanza ya bolti za gundi, aliyatazama akayaona yamejaa unga wa jiwe. Mwalimu alikuwa amemwambia ayasafishe vizuri, wala hakueleza zaidi, kwa kuwa kwake lilikuwa jambo la wazi: brashi, upepo, brashi tena. Ogoti akachukua chupa ya maji. Akayasuuza moja baada ya jingine mpaka maji yakatoka safi, kisha akatia gundi na kuchomeka bolti. Hakujua kwamba maji na unga hugeuka tope jembamba linalobaki ukutani mwa tundu, na gundi hushika lile tope badala ya kulishika jiwe.

"Mvivu angepuliza tu akaenda zake, na zingeshika," anasema na kutikisa kichwa. "Mimi nikajitia mtu wa usafi. Nilitumia siku mbili zaidi kuziharibu."

Mwaka mzima watu walikwea juu ya bolti hizo. Mwalimu alikwea. Wanafunzi kumi na mmoja walikwea.

Aligundua Ijumaa moja jioni alipokuwa akikagua. Alishika bolti ya tano kwa mkono mtupu, na ikazunguka. Akajaribu nyingine ikakataa kuzunguka, lakini hakuwa na nafasi ya kumaliza, kwa sababu jua lilikuwa linazama na Sabato ilikuwa inaingia. Akateremka.

Siku iliyofuata alikaa kanisani tangu shule ya Sabato hadi ibada ya mchana bila kusikia fungu hata moja. Tryphosa anasema alikuwa akikunja na kukunjua mkono wa kulia kama mtu aliyekufa ganzi.

"Nilimwuliza, Baba Celestine, unaumwa? Akasema yaya, siumwi, ni joto. Na siku hiyo tulikuwa tumevaa sweta!"

Jumapili kabla ya jua kutoka alikuwa jabalini. Hapo ndipo, kwa maneno yake mwenyewe, alipoongeza kosa juu ya kosa. Badala ya kumngoja Mwalimu amwambie ukweli, alifunga kamba kuzunguka njia za kukwea na kutundika kadibodi: HATARI, NYUKI.

"Nilisema nitazirekebisha polepole, wiki mbili tatu, na hakuna atakayejua. Mtu akiitwa fundi, hilo jina linakuwa tamu."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Ogoti ilikuwa na urefu wa siku saba. Lavender, ambaye hakutaka nyuki wachomwe ovyo, alikuja Jumapili iliyofuata na mrina asali wa Ikonge aitwaye Mogaka, amevaa nguo zake nyeupe na kubeba bomba la moshi. Mogaka alizunguka jabali lote juu na chini. Akavua kofia ya wavu na kusema, "Mwalimu, hapa hakuna hata inzi."

Lavender akamtazama Ogoti. Ogoti akaitazama miguu yake.

"Niliona aibu mpaka nikatamani wale nyuki wangekuwepo kweli, waniume," anasema.

Akamweleza yote pale pale. Mwalimu aliketi kwenye nyasi, kisha akauliza ni ngapi. Alipoambiwa ni kumi na nne, pamoja na zile mbili za juu kabisa ambazo kila mwanafunzi huteremkia, akafunika uso kwa mikono.

"Kosa la maji ningelicheka leo hii," anasema Lavender. "Hata mimi nina sehemu yangu, sikumweleza sawasawa. Lakini zile siku saba! Je, kama mtu angekuja bila kujua kusoma? Kama mtoto angesema nyuki si kitu? Nilimwambia, Fundi, ungeniambia siku ileile."

Waliitisha mkutano wa wazazi, na Ogoti akasimama mwenyewe kueleza. Wengine walimshukuru kwa kusema. Mzee Bosire, mchuuzi wa ndizi katika soko la Ikonge ambaye binti yake Jacinta alikuwa mkweaji hodari kuliko wote, hakushukuru. Alisema mtoto wake si jiwe la mtu kujifunzia, akamshika Jacinta mkono wakaondoka. Wanafunzi wengine wanne wakafuata.

Ogoti alitaka kurudisha drili. Tryphosa ndiye aliyemzuia. "Nilimwambia, ukiiacha sasa, nani atapanda kuzitoa? Uliziweka wewe. Zitoe."

Akazitoa. Hufunga kamba kwenye mti mkubwa juu ya jabali, asitegemee bolti yoyote, kisha anapitisha nondo ndefu kwenye sikio la bolti na kuizungusha. Iliyoshika vizuri hukataa, na humchukua nusu siku kuishinda. Iliyoshika tope huzunguka. Hakuacha hata moja, njema wala mbovu, na hakulipwa wala hakuomba kulipwa.

"Tisa zilinitoa jasho," anasema. "Nilikuwa nafurahi zikinisumbua. Naiambia, sumbua, mama, sumbua. Tano zilikuja. Moja ya zile za juu ilikuja kwa mkono tu."

Anaichukua chupa ya chai, anaiweka tena chini. Usiku, anakiri, huwaona wanafunzi wale mmoja mmoja kwa majina wakiteremka kwenye bolti ile, na huinuka kitandani kwenda kusimama mlangoni.

Lavender alikubali aendelee kwa sharti moja: hakuna tundu litakalotiwa gundi kabla mtu wa pili hajapitisha kitambaa cheupe ndani yake. Kikitoka na vumbi au unyevu, kazi inarudiwa. Sharti hilo lilimuuma Ogoti. Mtu wa Tabaka apimwe usafi wa jiwe na mwalimu wa fizikia? Lakini alimeza. Matundu kumi na matatu yamepita, yote kwa mara ya kwanza, na kidogo kidogo amekuwa akijivunia hilo.

Saa tano kasoro, Lavender anafika kutoka shuleni, anavaa mkanda na helmeti na kupanda hadi kwenye tundu la kumi na nne. Mawingu yameshafunika Kisii yote, na upepo umeanza kugeuza majani ya migomba. Gundi iko tayari mkononi mwa Ogoti, anayening'inia kando yake, amebakisha kukata ncha tu.

Mwalimu anaingiza kitambaa, anazungusha, anatoa. Anakitazama, kisha anayatazama mawingu. Wazazi sita wamethibitisha kuja Jumapili.

"Ni kidogo sana, Fundi," anasema. "Unaonaje?"

Ogoti hageuki kutazama kitambaa. Kidole chake kiko kwenye ncha ya gundi.

"Usiniulize mimi, Mwalimu. Kazi yako ni kusema."

Lavender anavuta pumzi. "Bado."

"Sawa," anasema Ogoti, na kuchukua brashi.

Anapiga brashi, anapuliza kwa pampu, anapiga tena. Tone la kwanza linamwangukia shingoni kabla hajamaliza mzunguko wa pili. Anaziba tundu kwa nailoni, na wote wawili wanateremka wakiwa wamelowa chapachapa.

Chini ya ukingo wa jabali, Lavender anawapigia wazazi simu mmoja mmoja. Haongopi wala hapambi. Anawaambia tundu la mwisho lilikuwa na vumbi, mvua ikawahi, na ufunguzi utakuwa Jumapili ya wiki ijayo. Anampigia hata Mzee Bosire, ingawa hakuwa miongoni mwa wale sita, na kuweka sauti ya nje ili Ogoti asikie mwenyewe atakayotukanwa.

"Mmeahirisha kwa sababu ya vumbi?" inauliza sauti ya Bosire katikati ya kelele za soko.

"Ndiyo, mzee. Vumbi."

"Lilikuwa jingi?"

"Kidogo tu. Kwenye kitambaa lilionekana kwa shida."

Bosire anasikika akimwambia mnunuzi wa ndizi angoje kidogo.

"Basi hiyo Jumapili nyingine," anasema Bosire, "nitamleta Jacinta mimi mwenyewe. Nione hicho kitambaa."

Ogoti anageukia mwamba, anapangusa uso kwa kiganja, na kwa mvua hii hakuna wa kumwuliza anapangusa nini. Anasema mpango wake ni kuwafundisha watu wengine wanne kupima matundu, ili asije tena kuwa peke yake anayejua kilicho ndani ya jiwe. Na anaye wa kwanza.

"Nitamwomba aje mapema, kabla tundu la mwisho halijatiwa gundi, nimfunge kamba nimpandishe mpaka pale juu," anasema. "Kitambaa ataingiza yeye."

"Mzee Bosire ana kilo mia moja na kumi, Fundi," anasema Lavender.

"Najua. Zitambeba zile kumi na tatu," anajibu Ogoti, na kwa mara ya kwanza leo anafungua chupa na kuinywa chai yake, baridi ilivyo.