Madoa Matatu ya Bi Zuhura

Siku ile tulikuwa wanne: Bi Zuhura mchoraji, wadogo zangu Salim na Mwanaisha, na mimi. Niliikumbuka juzi, nilipoona jua la alasiri likivunjikavunjika juu ya maji kule Mbaraki.

Tulikuwa tumemzika mama, baba akiwa ametangulia, na kesho yake jamaa wangekutana kutugawa, huyu apelekwe Tudor, yule bara. Niliwatoa wadogo zangu nyumbani kwetu mtaa wa Kuze, tukashuka pwani wasisikie. Bi Zuhura, tuliyemkuta akichora pale, akatuomba tusimame ukingoni mwa maji atuchore. Rangi zake zilinukia mafuta, pwani ikanuka mwani.

Alipotuita tutazame picha, nilishtuka. Bahari ilikuwa ya waridi, manjano na zambarau, nasi madoa matatu tu.

“Bibi, bahari umeikosea,” Salim akasema. “Na pua yangu iko wapi?”

“Pua umeiacha nyumbani. Rudini nyuma mpaka ukutani.”

Tukarudi. Maji yakaanza kumeta na kucheza, na mle ndani tulikuwa sisi hasa, Mwanaisha kaniegemea.

“Mbona tumegandana?” nikauliza.

“Nimechora nilichoona, mwanangu. Mwanga haukupata pa kupita kati yenu.”

Kwa akili yangu ya kitoto, nilidhani kilichochorwa hakitenguki. Kesho yake niliwaambia jamaa hatutengani. Niliacha shule, nikauza mahamri, nikawalea.

Alasiri ile pwani, jua lilipohama, Bi Zuhura alikuwa amefunika rangi zake. “Haijesha. Rudini kesho, saa hizi hizi.”

Kesho ikawa ya kikao, na zilizofuata za mahamri. Hatukurudi kwake; ile alasiri ya pili ya kusimama tuchorwe bado nadaiwa.