Suruali ya Kuingilia Baharini

Kijiji chetu kiko kusini ya Msambweni, na kazi ya wanawake wa hapa ni mwani. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, tunaingia baharini kwa pamoja, tunapigilia vigingi mchangani, tunafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kamba tunafungia mbegu za mwani. Tunainama mpaka kiuno kinakataa kunyooka. Mwani ukikomaa tunauvuna, tunauanika, tunauuza. Nimeifanya kazi hii tangu nilipoolewa hapa, na wanangu wamesoma kwayo.

Tulikuwa tukiingia na dera, leso moja kiunoni na nyingine kichwani. Dera likishalowa maji ya chumvi huwa zito kama gunia la mchanga, na leso hujizongazonga miguuni. Kila mmoja wetu alikuwa amewahi kuanguka. Tulichekana, tukainuka, tukaendelea. Hakuna aliyeuliza kwa nini lazima iwe hivyo.

Mwaka juzi wifi yangu alikaribia kufa. Ni mdogo wa mume wangu, mtoto wa kike pekee kwao, mcheshi, mwepesi wa mikono kutushinda sote. Ameolewa na kijana anayefanya kazi hotelini Diani, ambaye wakati huo alikuwa akija kijijini mara moja kwa wiki. Asubuhi ile tulikawia kutoka majini na maji yakaanza kurudi. Dera lake likanasa kwenye kigingi. Akalivuta, kamba ikamzunguka mguu, akaanguka kifudifudi. Nilidhani anaokota kitu. Kisha nikaona leso yake ya kichwani inaelea peke yake.

Tulimfikia mimi na jirani yangu mmoja. Nilikuwa na kisu cha kukatia kamba, nikalipasua dera kuanzia mapajani kwenda chini, ndipo mguu ukatoka. Tulimburura mpaka ufuoni, tukamlaza ubavu, akawa anatapika maji na kutetemeka. Palikuwa na mwanamume karibu, anashona nyavu zake. Aliinua kichwa, akatutazama, akasema, "Mfunikeni huyo. Mapaja yako nje."

Hakuuliza kama yu hai. Nayasikia maneno yale mpaka leo, na kila nikiyasikia damu inanichemka.

Alipopona tulikwenda sokoni Msambweni, kwa wauza mitumba, tukachagua suruali za michezo za wanaume, pana, za kitambaa chepesi kisichoshika maji. Tukanunua na mashati ya mikono mirefu yanayofika magotini. Kichwani tulifunga mitandio kama kawaida. Hapakuonekana ila nyuso, viganja na nyayo. Siku ya kwanza tulipoingia hivyo, wifi alikimbia majini. Alikimbia kwelikweli, maji yakiruka pande zote, akageuka akaniita, "Wifi, njoo! Miguu yangu imerudi!" Nami nikakimbia, mwanamke mzima mwenye watoto wanne.

Mavyaa wangu hakupenda. Alituona tukipita nyuma ya nyumba tumelowa, akakunja uso.

"Suruali ni vazi la wanaume," alisema.

"Ni kweli, mama," nikamjibu, "lakini lile dera lilitaka kumuua mwanao."

Akaingia ndani. Tulidhani yamekwisha.

Haukupita muda mrefu, picha ikaingia katika simu za watu. Kijiji kina kundi la WhatsApp la kupashana habari za misiba na harusi. Humo ndimo ilimotupwa. Ilikuwa picha ya wifi yangu akiwa ameinama anafunga mbegu, imepigwa kutoka nyuma, kwa kuvutwa karibu, na suruali iliyolowa imemganda. Uso haukuonekana, lakini mtandio wake wa manjano kila mtu anaujua. Chini yake watu waliandika. Mmoja aliandika kuwa sasa ameelewa kwa nini samaki wamekimbia. Mwingine aliuliza kama huo ndio mwani wenyewe. Wengine walicheka tu. Walikuwa watu tunaosalimiana nao, waliokula pilau ya harusi yake, wenye binti na dada.

Baada ya siku chache tuliitwa kikao. Wanaume waliketi mbele kwenye viti vya plastiki, sisi tukaketi nyuma kwenye mikeka. Mwenyekiti wa kamati ya ufuo alianza kwa salamu na dua, kisha akasema kuna jambo la aibu limekiingilia kijiji. Nilidhani anasema habari ya picha. Wallahi nilidhani hivyo, nikajiweka sawa nisikilize.

"Wanawake wetu wanaingia baharini na suruali," akasema. "Maungo yanaonekana. Wavuvi wanalalamika kwamba wanashindwa kufanya kazi."

Wavuvi wale wale wanavuta nyavu wakiwa na chupi tu. Kila siku tunapishana nao ufuoni, vifua wazi, mapaja wazi, vitambaa vimewaganda, na tunainamisha macho tukapita. Hatujawahi kuitisha kikao. Hatujawahi kusema tumeshindwa kufunga mbegu kwa sababu ya miguu ya mtu.

Walizungumza kwa zamu, na kila mmoja alikuwa na la kusema kuhusu miili yetu. Mmoja alieleza upana unaofaa wa vazi, akiupima hewani kwa mikono yake. Mwingine alisema wanawake wanene ndio wenye kosa kubwa zaidi, kwa sababu wao hata gunia haliwafichi. Alipokuwa akisema, wifi yangu aliketi pembeni yangu amejifunika buibui mpaka puani, bega lake limenibana. Mumewe alikuwa upande wa wanaume, ametoka Diani makusudi. Mume wangu pia alikuwapo. Alikuwa anachorachora mchangani kwa kijiti.

Niliinua mkono. Mwenyekiti alijifanya haoni, basi nikasimama.

"Shikamooni wazee wangu," nikasema. "Nina swali moja. Aliyepiga ile picha ni nani?"

Wanaume wakatazamana.

"Hilo siyo lililotuleta hapa," mwenyekiti akasema.

"Mimi ndilo lililonileta. Mwanamke alikuwa kazini, amejisitiri, kichwa kimefunikwa. Mtu alisimama nyuma yake, akamvuta kwa simu mpaka makalio yakajaa kioo kizima, akawatumia nyinyi, nanyi mkatazama. Nani kati yao amevua stara?"

"Dada, keti," mtu akaniambia. "Usitumie maneno mazito mbele ya wazee."

Maneno mazito yalikuwa makalio. Picha yenyewe haikuwa nzito, ilikuwa imezunguka simu zote.

Sikuketi. Hapo ndipo mavyaa wangu, niliyedhani yuko upande wao, alipoinuka kwenye mkeka akishika goti.

"Mimi hizo suruali sizipendi," alisema, na wanaume kadhaa wakatikisa vichwa kwa kuridhika. "Niliwaambia hawa nyumbani kwangu, na nitawaambia tena. Lakini aliyempiga mwanangu picha kwa nyuma yuko hapa, namjua, na mama yake namjua. Mtu huyo hawezi kuketi mbele yangu kwenye kiti akanifundisha kuona haya."

Aliketi. Macho ya watu yalikwenda upande mmoja, kisha yakarudi upesi. Sote tulijua ni nani. Mwenyekiti alikohoa, akasema uamuzi umekwisha kupitishwa: wanawake waingie na dera na leso, na asiyetaka asianike mwani wake kwenye uwanja wa kijiji. Kisha akafunga kikao kwa dua. Nilishindwa kuitikia amina.

Usiku ule nilimuuliza mume wangu kwa nini alinyamaza.

"Ningesema nini mbele ya wazee?"

"Ungesema huyo ni dada yako."

"Wanajua ni dada yangu."

"Basi wewe ndiye uliyesahau," nikamwambia, nikaenda kulala chumba cha watoto. Nililala huko muda mrefu. Siku moja alikuja mwenyewe, akasema amekosa. Nimemsamehe kwa mdomo. Moyo unakuja nyuma, polepole.

Wifi hakurudi baharini. Mumewe alimchukua wiki ile ile akampeleka Ukunda, kwenye chumba cha kupanga. Alisema hataki mkewe awe sinema ya watu. Hakumtafuta aliyepiga picha. Hakumwambia neno. Wanasalimiana msikitini.

Kati yetu, wengi walirudia madera, na siwalaumu, maana kuna aliyeambiwa atapewa talaka na kuna aliyepigwa. Tuliobaki na suruali ni wachache. Mwani wetu tunauanika uani kwa mavyaa wangu, juu ya neti kuukuu. Bado anasema suruali ni vazi la wanaume. Jua likizidi hutoka mwenyewe akaugeuza, na mvua ikitishia hutuita kwa sauti tuje tuutoe.

Nilikwenda Ukunda kumwona wifi mwezi uliopita. Amenenepa, na sauti yake imekuwa ndogo. Alinipikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukala, akaniuliza habari za kamba zake. Nikamwambia tunazipandia, hatujaziacha. Akaitikia kwa kichwa, akatazama mlango. Haendi sokoni peke yake siku hizi.

Mumewe aliingia tukiwa bado tunakula, amevaa sare ya hoteli. Alitusalimu vizuri, akaketi, akatuhadithia kazi yake ya siku: kuwapelekea taulo na vinywaji wageni wanaoota jua ufuoni, wanawake waliovaa vitambaa viwili visivyofika upana wa kiganja.

"Na kazi unaiweza, shemeji?" nikamuuliza. "Hushindwi, ukiona maungo?"

Alicheka. "Wale ni wageni, shemeji. Mtu unazoea. Huwatazami."

"Kumbe inawezekana."

Kicheko kilimkauka. Wifi aliinamisha kichwa kwenye sahani, akawa anakusanya punje za wali kwa kidole, mojamoja. Nilitaka aseme kitu. Nilitaka ainuke aseme. Hakuinuka, na hasira niliyokuwa nayo sikuweza kumwelekezea yeye hata chembe. Niliosha mikono, nikamkumbatia mlangoni, nikamwambia suruali yake bado ninayo, nimeifua na kuikunja.

"Mpe mwengine," akasema.

"Sitampa mwengine," nikamwambia.

Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake akisikia. Nilisema kwa sauti ili asikie vizuri.