Mama Wawili wa Mtoto Mmoja

Nilizaliwa kambini, Kasese. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, mama Mkonzo wa milimani, juu ya Bulembia. Baba alikuwa na lugha yake, ambayo sisi watoto tuliishika nusunusu, na mama alikuwa na Lhukonzo yake. Kati yao kulikuwa na Kiswahili cha kambi, ambacho nyumbani kwetu hakuna aliyekipenda. Kilikuwa cha kazi. Kuja hapa. Simama hapo. Nani alivunja kikombe? Sema ukweli.

Dada zake baba walipompigia simu kutoka kwao, nilimsikia akicheka kwa sauti laini ambayo sikuizoea. Akishakata simu ananigeukia: "Wewe, leta maji." Nilikuwa na miaka kama tisa nilipoanza kuamini kwamba baba yangu ni watu wawili, na kwamba yule mpole anaishi ndani ya lugha nisiyoijua.

Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata ukubwani, chuoni. Nilidhani kimekifuta kile cha kambi.

Mwaka juzi nilipata kazi ya ukalimani Bwera, katika kituo kidogo cha kuwapokea watu wanaokimbia vita Kongo. Walikuwa wakivuka mpakani pale Mpondwe na magodoro yao, masufuria, kuku waliofungwa miguu. Kazi yangu ilikuwa kukaa kati yao na ofisa na kumgeuzia kila mmoja maneno ya mwenzake. Ofisa wangu alitoka mashariki ya nchi. Hakujua Kiswahili wala Lhukonzo, kwa hiyo mimi na yeye tuliongea Kiingereza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na fomu, na fomu ilitaka jibu moja katika kila mstari.

Asubuhi moja aliingia mwanamke wa miaka kama thelathini, na msichana mdogo, wa miaka sita hivi, aliyeshika ncha ya kitenge chake. Nikamuuliza anaongea lugha gani.

"Kiswahili," akasema. Nikaandika Kiswahili.

"Huyu ni nani kwako?"

"Mutoto yangu."

"Wewe ni mama yake?"

"Ndiyo. Njo miye mama yake."

Nikamgeuzia ofisa, naye akaandika. Kisha akataka mtoto aulizwe peke yake, maana ndivyo kanuni ilivyosema. Mwanamke akatoka nje. Mimi nikachuchumaa mbele ya yule msichana.

"Mama yako yuko wapi?"

Akanyoosha kidole mlangoni.

"Yeye ndiye aliyekuzaa?"

"Mama yenye alinizala alikufa," akasema bila kusita, kama anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua.

Hilo nalo nikaligeuza. Ofisa akaweka kalamu chini. "Mama yake amekufa, na mama yake yuko nje," akasema. "Moja kati ya hayo ni uongo."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema neno. Kule kwa mama yangu, dada zake wote niliwaita mama, na hakuna siku niliyoulizwa yupi ni wa kweli. Hata Kiswahili kinajua mama mkubwa na mama mdogo. Lakini nilikuwa nimekaa asubuhi nzima nikifikiri kwa Kiingereza, na kutoka pale nilipokaa, mama alikuwa mmoja tu. Maneno ya ofisa yaliniingia akilini kama hesabu iliyo sahihi. Si kwamba nilisahau nilikotoka. Sikuweza kuona huko.

Mwanamke akaitwa. Ofisa aliongea taratibu: "Muulize kama yeye ndiye aliyemzaa."

Kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa hiki: "Wewe. Sema ukweli. Nani alizaa huyu mtoto?"

Ofisa hakunituma niseme "sema ukweli". Yalikuja yenyewe. Yule mwanamke akanyoosha mgongo. Mikono yake ikatoka ndani ya kitenge ikaning'inia pembeni, mahali inapoonekana. Hakunitazama mimi, alimtazama mtoto.

"Jibu," nikasema.

"Ni wa kwetu, afande."

Mimi, mwenye sketi na sandali, ndiye niliyeitwa afande.

Kwenye fomu iliandikwa kwamba uhusiano haujathibitishwa. Mchana huohuo mtoto alipelekwa kwenye nyumba ya watoto, upande wa Kinyamaseke, akae huko wakati wanachunguza. Mlango wa gari ulipofungwa, mwanamke alikaa chini, palepale kwenye changarawe. Mimi niliingia ndani kumwita mtu anayefuata kwenye foleni.

Jumamosi nilipanda Bulembia kwa mama. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo, nikamweleza yote.

"Anatoka wapi?" akauliza.

"Karibu na Beni."

"Basi ni Mnande. Lugha yake na yetu ni moja. Mbona hukumwongelesha Lhukonzo?"

"Alisema anaongea Kiswahili, mama."

"Alisema hivyo kwa sababu wenye meza wote wanataka Kiswahili. Nawe ukamuuliza kama wanavyouliza wenye bunduki." Akatupa jiwe dogo nje. "Tena ulitaka aseme mtoto si wake, mtoto mwenyewe akisikia?"

Nilikaa nikamsaidia kuchambua hadi maharage yakaisha.

Jumatatu, kabla ya kazi, nilikwenda kwenye mahema ya kituo nikamwamkia yule mwanamke kwa Lhukonzo. Akaitikia. Matamshi yake yalikuwa tofauti kidogo na yetu, lakini tulielewana. Sikumuuliza lolote kuhusu mtoto. Nilimuuliza kwao walizaliwa wangapi.

Watatu, akasema, wasichana watupu. Yeye ni wa katikati. Mkubwa wao alikufa kwa homa, mtoto akiwa bado ananyonya. "Nilimweka mgongoni siku ya mazishi," akasema. "Tangu siku hiyo sijamshusha. Mnaniuliza nani alimzaa. Nitasemaje mbele yake kwamba si mimi?"

Niliandika maelezo ya kurasa mbili. Nilieleza maana ya mama kwa watu wa kule, na nikaandika kwamba kosa ni langu mkalimani. Ofisa aliyasoma yote.

"Kwa hiyo ni anti yake," akasema.

"Hapana. Ni mama yake."

"Siwezi kuandika mama. Mama amekufa. Nikiandika anti, mtoto anarudi."

Nikamwambia aandike anti.

Ilichukua wiki tatu. Siku mtoto aliporudishwa nilikuwepo. Alishuka kwenye gari na gauni jipya na raba nyeupe, akaanza kukimbia. Katikati ya uwanja akapunguza mwendo, akasimama, akamtazama yule mwanamke kama anayekumbuka somo.

"Anti," akasema.

Mlezi aliyemleta, mwanamke mwenye uso mwema, alitabasamu. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba mwanzoni mtoto alikuwa akililia mama, nao wakamweleza kila siku, kwa upole, kwamba mama yake yuko mbinguni na huyu ni anti. "Sasa ameelewa," akasema.

Mwanamke alinigeukia. "Amesemaje?" Neno lile la Kiingereza hakulijua.

Kugeuza maneno ndiyo kazi yangu. Nikamwambia, "Amekusalimu."

Akaitikia salamu. Akachuchumaa, akampandisha mtoto mgongoni, japo sasa alikuwa mkubwa mno kubebwa na raba zake zilikaribia kumfika magotini, akaenda naye hadi hemani.

Wiki iliyofuata walihamishiwa kambi nyingine, mbali na Bwera, na sikuwaona tena. Kazi bado naifanya. Siku hizi, kabla ya fomu kufunguliwa, huwauliza watu kwao walizaliwa wangapi, na ofisa mpya tuliye naye hutazama saa yake. Sijui yule msichana humwitaje sasa. Huenda mama yake ameshauliza mtu mwingine maana ya lile neno, akaambiwa.